Mkono wa Bibi katika Picha ya Arobaini

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua za El Niño zilipokuwa zikiinyeshea Tanga siku baada ya siku, nilitumwa katika nyumba moja ya Ngamiani kumpiga picha mtoto mchanga aliyekuwa ametimiza siku arobaini. Nilikuwa na umri wa miaka 19, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kujifunza kazi kwa fundi ambaye riziki yake kubwa ilitokana na picha za pasipoti. Kwa kawaida watoto waliletwa studio, lakini siku ile barabara ilikuwa imejaa maji na mzazi ndiyo kwanza alikuwa anatoka ndani. Fundi akanikabidhi kamera yake, Pentax K1000, yenye mkanda wa nyeusi na nyeupe uliobakiwa na picha 22 kati ya 36, akaniagiza nirudi na picha ya mtoto ametulia, akiwa peke yake.

Agizo hilo la "peke yake" nililijua vizuri. Studioni tulikuwa na kiti kilichofunikwa kitambaa cha buluu, na mtoto asiyeweza kukaa aliegemezwa pale huku mama yake amechuchumaa nyuma, amepenyeza mkono chini ya kitambaa kumshika kiuno. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba huko Ulaya, katika karne ya 19, akina mama walifunikwa shuka gubigubi wakafanana na viti, kwa sababu picha moja ilichukua sekunde nyingi na mtoto hakuweza kutulia bila kushikwa. Kamera yetu ilimaliza kazi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na bado tuliendelea kumficha mama, bila mtu yeyote kati yetu kuuliza sababu.

Nilipofika ukumbini nilikuta giza, maana umeme ulikuwa umekatika, nikafunga fleshi juu ya kamera. Mwanga wa kwanza ulipolipuka, mtoto aliitupa mikono yake yote miwili kama anayeanguka kutoka mtini, kisha akalia kilio ambacho sitakisahau. Nilirudia mara mbili nyingine, na hadi leo najilaumu kwa mara hizo mbili. Mama yake akamchukua kwenda kumnyonyesha, nami nikakaa karibu saa nzima nikisikiliza mvua juu ya mabati.

Aliyeniokoa ni bibi yake mtoto, mama mzaa mama, aliyekuwa ametoka Pangani kuja kumlea mwanawe katika uzazi. Alikuwa msusi wa ukili, na mtoto alipewa jina lake, kwa hiyo muda wote alimwita somo yake. Alinitazama kwa huruma, akasema, "Mjukuu wangu, hiyo radi yako itie mfukoni. Huyu hata jua hajalizoea." Halafu akatandika mkeka mbele ya mlango wa uani, akakaa akiwa amenyoosha miguu, akampakata mtoto huku kichwa kimelala juu ya kiganja chake cha kushoto.

Hapo ndipo nilipouona mwanga ambao nilikuwa nimeupita nikiingia. Mawingu yalikuwa yameutandaza sawasawa ua mzima, ukaingia mlangoni chini ya upenu ukiwa laini, ukamgusa mtoto upande mmoja wa uso na kumwachia kivuli chepesi upande wa pili, bila kumchoma macho. Nililala kifudifudi sakafuni, viwiko chini, hadi lenzi ikawa sawa na macho yake. Sindano ya kupimia mwanga ilinilazimisha kufungua tundu la lenzi lote, yaani f/2, na kasi ya 1/60 ya sekunde, maana yake nikilenga macho, masikio yatafifia, na akitikisika kidogo tu kazi imeharibika. Lenzi ile haikuweza kulenga kitu kilicho karibu zaidi ya sentimita 45, nami nilisogea hadi karibu na mpaka huo, nikazuia pumzi.

Bibi aliinama hadi uso wake ukawa shibiri moja tu kutoka uso wa mtoto. Mtoto wa umri ule huona vizuri kilicho sentimita 20 hadi 30 mbele yake, na kilicho mbali zaidi ni ukungu, jambo ambalo bibi hakulisoma popote ila alilijua kuliko mimi. "Somo! Somo yangu! Umeamkaje?" Aliita mara tatu, akinyamaza kila baada ya mwito kama anayesubiri jibu. Siku arobaini ni karibu wiki ya sita, na ni katika wiki hizo ambapo tabasamu la kweli, lile la kuitikia uso wa mtu, huanza kuonekana. Niliona nyusi zilizopakwa wanja zikipanda kidogo, mdomo ukafunguka upande mmoja, kisha uso wote ukafuata. Nikabonyeza mara moja tu.

Usiku umeme uliporudi nilisafisha mkanda, nikaiweka ile negativu kwenye mashine ya kukuzia picha. Kiganja cha bibi kilionekana chote, pamoja na kifundo na ukingo wa kanga. Nilikumbuka agizo la fundi, nikaikuza picha na kusogeza karatasi hadi mkono ukabaki nje, kikabaki kichwa cha mtoto kikielea ndani ya weusi. Fundi aliisifu.

Mama mtoto alipoijia siku ya pili aliitazama kwa muda mrefu, akaigeuza nyuma kana kwamba sehemu iliyobaki ipo huko. "Mkono wa mama uko wapi?" aliuliza. Nilimweleza kwamba hivyo ndivyo picha za watoto zinavyopigwa. Hakukasirika. Alisema tu, "Kaka yangu, mama anarudi Pangani kesho kutwa. Mtoto huyu siku zote arobaini amelala juu ya mkono huo."

Usiku ule niliichapa upya bila kukata kitu, inchi 5 kwa 7. Ndani ya dawa, chini ya taa nyekundu, vyenye weusi hutangulia kujitokeza, na kilichotangulia kilikuwa kucha za bibi zenye hina, kisha mipasuko ya vidole vilivyosuka ukili miaka na miaka, kisha nyusi za wanja. Uso wa mtoto ulikuja mwisho, taratibu, ukiwa umekwisha kushikwa.

Niliipeleka asubuhi ikiwa bado imejikunja kingo. Bibi alikuwa amekwisha kufunga mzigo wake, ingawa hakuna aliyejua kama gari lingepita kwenye matope ya njia ya Pangani. Aliishika picha kwa mikono miwili, akaisogeza mlangoni palipokuwa na mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya kidole gumba kilichomo pichani.

"Kumbe hina ilikuwa bado haijatoka," alisema, akamwita binti yake aje aone.