Tulivyofanikiwa kuwapikia watoto kande shuleni bila kuchangisha hela mwezi wa kwanza

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha kwenye mji mdogo pembeni ya barabara kuu ya Tanzam kati ya Mafinga na Makambako, zile sehemu basi la Mbeya linasimama dakika mbili, watu wananunua mahindi ya kuchemsha dirishani halafu haoo wameondoka. Kwetu ni Kyela kwenye joto, kwa hiyo baridi ya huku mwezi wa sita na wa saba ilininyoosha kweli mwanzoni, ila sasa hivi nishakuwa mwenyeji, nikipita sokoni ni kamwene kamwene, salamu ya huku, mpaka nafika nyumbani.

Ishu iliyokuwa inaninyima usingizi ni mchana. Asubuhi darasa limejaa, ikifika saa sita watoto wanaenda kula nyumbani na wengi ndo hawarudi hivyo. Mama katoka alfajiri, yuko kwenye chai au kwenye mbao, jiko limezima, mtoto anafika anakuta mlango una kufuli, basi anajiongeza anashuka stendi kuuza parachichi. Wa madarasa ya chini wanarudi ila wamelegea, unamwambia soma silabi hii anakuangalia tu. Na hapa tunaongelea mkoa unaolima mahindi, viazi, maharage, kila kitu! Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulionyesha Iringa ndo inaongoza nchi nzima kwa watoto chini ya miaka mitano waliodumaa, asilimia 56.9, Njombe wanafuata na 50.4, wakati taifa zima ni 30. Yaani maghala yamejaa na watoto wamedumaa, mi hiyo namba niliiandika kwa chaki ubaoni siku ya mkutano wa wazazi nikaiacha hapo.

Sasa ukitaja mchango kwa mzazi jibu unalijua. "Mwalimu, si walisema elimu bure?" Na hawajakosea, ada na michango ya lazima ilifutwa kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, tukaanza Januari 2016, na mi nauunga mkono kabisa maana kuna watoto nawafahamu wasingekanyaga shule. Ila ruzuku inayokuja ni sh 10,000 kwa mtoto wa msingi kwa mwaka mzima, humo kuna vitabu, chaki, mitihani, ukarabati, chakula hakimo. Chakula wazazi wanaruhusiwa kukubaliana wenyewe mradi mtoto asifukuzwe kisa mzazi hajatoa. Hapo kwenye KUKUBALIANA WENYEWE ndo penye kazi.

Kabla sijahamia walishajaribu wakashindwa, na nilipowauliza akina mama sababu walinijibu bila kumung'unya maneno: mlikuwa mnataka hela mwezi wa kwanza, mwezi ambao mtu kamaliza hela kwenye mbolea na sare, halafu hela zenyewe zinakaa kwa walimu. Basi nikasema sawa, tusitake hela, tutake mahindi, na tuyatake yakiwa yametoka shambani mwezi wa saba wa nane, na walimu tusishike hata punje moja.

Hesabu niliifanya nao palepale. Mwaka wa shule una siku 194. Mtoto akipata gramu 100 za mahindi kwa siku ni kilo 19 na kidogo, hilo ni debe moja na kidogo tu jamani. Maharage gramu 30 kwa siku haifiki hata kilo sita, sado mbili, yale makopo ya rangi ya lita nne, zinatosha na zinabaki. Watu walinyamaza maana kila mtu kichwani alikuwa anafikiria magunia. Tukaongeza sado moja ya mahindi juu, hiyo inauzwa ya kulipia mpishi na chumvi. Baba mmoja mwenye gari la mbao akasimama akasema yeye analipa kodi hivyo serikali ilishe, aliyemjibu hakuwa mimi, ni mama ntilie mmoja wa stendi, akamwambia "shemeji, mwanao kila siku mchana anakula kwangu kwa mkopo, nikuletee daftari hapa?" Mkutano mzima ulicheka na yeye mwenyewe akacheka, na kwa kweli ndo alikuwa wa kwanza kubeba mahindi ya watu kwa gari lake bure.

Siku ya kupokea ndo nataka niielezee vizuri maana hapo ndo wengi wanaharibu. Tuliazima mzani wa mfanyabiashara wa viazi, tukauning'iniza kwenye mti katikati ya uwanja, sio ofisini. Kila mzazi anaona mshale mwenyewe. Mama mmoja wa kamati anapima, mwingine anataja jina na kilo kwa sauti, mwingine anaandika kwenye karatasi ya manila ambayo jioni inabandikwa mlangoni. Kuna mama wa nne kazi yake ilikuwa kuchota mahindi mkononi na kutia punje mdomoni, akiing'ata ikabonyea anasema "haya mabichi, kaanike urudi". Sio ukorofi, mahindi yenye unyevu yakikaa stoo yanaota ukungu na sumukuvu haiondoki hata upike mpaka usiku. Yaliyokauka tukayaweka kwenye mifuko ya kinga njaa ile ya tabaka tatu, ukifunga vizuri hewa haiingii na dumuzi anakufa humo humo bila dawa. Stoo ina kufuli mbili, funguo zinakaa kwa akina mama wawili wa mitaa tofauti, mwalimu mkuu mwenyewe akitaka kuingia anaomba.

Wasiokuwa na mahindi wapo, hasa bibi wanaolea wajukuu. Bibi mmoja aliniambia "mwalimu mwanangu, mi sina shamba, ila mgongo ninao". Tukaweka wazi kwamba anayeshindwa debe analeta mabanzi, yale mabaki ya mbao, yawe kuni. Huku viwanda vya mbao vipo kila kona, mabanzi mengine unapewa bure, na kande ya mahindi makavu inakula kuni balaa hata ukiloweka usiku kucha. Kwa hiyo yule bibi hakuonekana ombaomba, na kwenye manila jina lake lilikaa na wengine, limeandikwa mabanzi badala ya kilo.

Tulivyoanza kupika lilizuka jambo ambalo sikulitegemea, watoto wa darasa la pili walikuwa wanakula nusu, nusu wanaficha kwenye kopo la Blue Band kupeleka kwa wadogo zao. Mpishi akataka niwachape. Nikaona hapana, watoto wa darasa la awali nao wawekwe kwenye hesabu, wazazi wao wakatoa nusu debe maana wanakula kidogo.

Mchana sasa hivi darasa langu linajaa, na KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, naweza kuisogeza mpaka vipindi vya mwisho. Kwa mwalimu mwenzangu anayetaka kujaribu, mkutano ufanye mwezi wa tano kabla watu hawajauza mahindi kwa walanguzi, mtendaji na afisa elimu kata wawepo ila wasiongee sana, na muhtasari usainiwe na wazazi wenyewe uwekwe kwenye faili, usije ukaambiwa unachangisha. Sisi saa hizi tunabishana kuhusu dagaa, nusu ya wazazi wanataka tuongeze mara moja kwa wiki, nusu wanasema gharama, na kamati imeitisha mkutano Jumamosi baada ya soko.