Ukimtoa wa mwisho haifi

Juzi kijana mmoja ninayefanya naye kazi kanitumia kipande cha kodi ya programu anauliza, hii amri ya array_values hapa mwishoni ina kazi gani, mbona nimeitoa na kila kitu kinaenda vizuri tu, niifute? Nikamjibu chapchap "usiguse", halafu nikabaki nacheka peke yangu, maana "usiguse" siyo jibu, na zamani mtu akinijibu hivyo nilikuwa namuona ana roho mbaya.

Sababu ya kutoigusa tuliijua kwa taabu, kwenye mfumo mmoja wa zamu za kazi. Seva imeandikwa kwa lugha ya PHP, mbele kwenye brauza JavaScript, katikati data inapita kama maandishi ya JSON, kama kawaida. Msimamizi anafungua ukurasa, anaona majina ya watu wa zamu, ambaye hajafika anamtoa, seva inarudisha waliobaki, orodha inajichora upya, basi. Tuliijaribu wenyewe ikapita. Walipoanza kuitumia wenye kazi yao ndo ukurasa ukaanza kuwa mweupe, na siyo kila mara, na ukirifreshi unapona. Hiyo "siyo kila mara" ndo ilitutesa jamani, kitu kinachokufa kila mara unakikamata asubuhi ukanywa chai, hiki kilikuwa kinakufa kwa msimamizi, ukimwambia haya nioneshe, kinafanya kazi.

Upande wa brauza nilikuwa mimi na jamaa yangu, upande wa seva alikuwa yule tuliyezoea kumwita Profesa. Konsoli, pale brauza inapoandika makosa, ilikuwa inalalamika kwamba map, ile ya kupitia orodha kimoja kimoja, si fanksheni. Sasa map kila arei, yaani orodha, ya JavaScript inazaliwa nayo, kwa hiyo kama haipo maana yake kilichofika siyo arei, hapo hakuna cha kubishana. Nikamwambia Profesa unatuletea kitu ambacho siyo orodha. Akafungua mashine yake, akaita is_array, inayoulizwa kama kitu ni arei, ikajibu kweli. Akaita count, inayohesabu vilivyomo, ikajibu 3. "Watu watatu, arei, unataka nikuandikie na barua?" Akarudi kukaa, kesi kashinda.

Siku zikaenda kwa ubishi wa namna hiyo, sitaki hata kuusimulia. Bosi naye akawa anasema ni mtandao. Bosi yeyote akikosa la kusema husema ni mtandao.

Kulikuwa na dogo wa field, mpole, hata kiti alikuwa anakaa nusu. Kazi aliyopewa ni kubofyabofya tu aone kinakufa lini, kazi ya kumpa mtu ambaye hujui umpe nini. Saa za jioni, wenzangu wanafunga mabegi, akaja akasimama pembeni ya meza yangu.

"Samahani kaka. Ukimtoa wa mwisho haifi."

"Unasemaje?"

"Ukimtoa mtu wa mwisho kwenye orodha, haifi. Ukimtoa wa kwanza inakufa, wa katikati inakufa." Akanyamaza kidogo, kama anaogopa la pili litaonekana la kijinga. "Halafu ukiwatoa wote kwa mkupuo pia haifi."

Hilo la wote ndo lililoninyanyua kwenye kiti. Nikaenda kwenye mashine yake, tukafungua sehemu ya brauza inayoonesha yanayoingia na kutoka, tukamtoa wa mwisho, tukahifadhi jibu la seva. Tukarifreshi, tukamtoa wa pili, tukahifadhi jibu. Tukayaweka mawili sambamba. La kushoto lilianza na mabano ya mraba, ndani yake watu watatu wamefuatana, hakuna la zaidi. La kulia lilianza na mabano ya mawimbi, watu watatu vilevile, ila kila mmoja kaandikiwa namba mbele yake ndani ya alama za kunukuu: "0", halafu "2", halafu "3". Moja haipo. Pengo limekaa pale wazi kama la mtoto aliyeng'oka jino, na mimi nimeshinda wiki nzima nasoma kodi ya map.

Tukamwita Profesa, begi lipo begani. Akasoma. Akasema "aaah", ndefu. Akaweka begi chini.

Kumbe array_filter, amri ya PHP ya kuchuja orodha, ikimtoa mtu haiwasogezi waliobaki, kila mmoja anabaki na namba aliyokuja nayo. Na kwa PHP hilo halina ubaya wowote, arei ya PHP ni ramani yenye mpangilio, funguo zake, yaani hizo namba, zinaweza kuwa 0, 2, 3 au hata maneno na bado ni arei, ndo maana is_array haikusema uongo. Mwenye masharti ni json_encode, anayegeuza arei kuwa JSON. Yeye kabla ya kuandika anakagua funguo, zikianza 0 na kwenda mfululizo anaandika mabano ya mraba, zikiruka hata moja anaandika objekti, ile ya mabano ya mawimbi, na objekti ikifika kwenye JavaScript haina map. Ukimtoa wa mwisho mfululizo haukatiki. Ukiwatoa wote hakuna cha kukatika, unapata mabano ya mraba matupu. Ukirifreshi watu wanasomwa upya kutoka kwenye hifadhidata, wanapewa namba mpya, ukurasa unapona. Dogo alikuwa ameshaeleza ugonjwa wote kwa sentensi tatu.

Jamaa yangu akataka tumalizie upande wetu, tuzungushie Object.values, inayovitoa vilivyomo kwenye objekti kuwa arei, tukalale. Ingefanya kazi kweli. Ila JavaScript ikishika objekti yenye funguo za namba inazipitia kuanzia ndogo kwenda kubwa, haijali zimeandikwa kwa mpangilio gani, kwa hiyo siku Profesa akipanga majina kwa uasort, amri ya PHP ya kupanga, ambayo nayo inamwacha kila mtu na namba yake, yangeondoka seva kwa alfabeti na kufika kwa namba, na konsoli kimya kabisa. Mimi ukurasa mweupe naupenda kuliko hiyo. Profesa akaweka array_values upande wake, inawapa watu namba mpya kuanzia 0, mstari mmoja, tukaenda.

Kwenye ripoti ya bosi iliandikwa tatizo la mtandao limetatuliwa. Dogo field yake ikaisha muda mfupi baadaye na sidhani kama kuna mahali jina lake liliandikwa.

Siku hizi PHP ina array_is_list, iliingia na toleo la 8.1 mwaka 2021, unaiuliza funguo zinafuatana au hazifuatani inakujibu. Nilimtumia Profesa habari hiyo ilipotoka, nikaongezea kamaneno ka kumchokoza. Akajibu kwamba hata bila hiyo orodha yake ilikuwa sahihi, brauza zetu ndo zilikuwa na maringo. Sijawahi kumkubalia na sina mpango huo, ingawa nikisoma maelezo ya array_filter nakuta imeandikwa wazi kabisa kwamba funguo hazibadilishwi, na hakuna hata mmoja kati yetu, yeye wala mimi, aliyewahi kuyafungua kabla ya ile jioni.