Nilidhani ni vumbi

Karibu miezi minne nzima niliamini ni vumbi. Wanaoishi Nkuhungu wanajua: mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukishaanza, kila mtu macho mekundu. Kwa hiyo mwanangu wa kidato cha pili alipokuwa anarudi jioni macho yamemuiva, nilimwambia anawe uso, basi. Alikuwa anakula sana pia. Usiku anakomba ugali na mlenda wote hadi sufuria inang'aa, nami nafurahi, kijana anakua.

Kila dalili niliipatia sababu yake. Hela za vitunguu zikipungua, nimekosea kuhesabu. Alipoacha mpira na kuwakwepa rafiki zake wa zamani, nikasema ni msiba, maana baba yake tulimzika mwezi wa tatu.

Kilichonishtua ni fulana. Nilikuwa nafua nikaona vitundu kifuani, vidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, kingo zimeungua. Vitano. Kwenye mfuko wa suruali kulikuwa na kichupa cha dawa ya macho na karatasi ya daftari iliyochanwa vipande vyembamba. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, aliigeuzageuza ile fulana, akaniambia mbegu za bangi zikishika moto hupasuka na kurusha cheche. Niliishiwa nguvu, nikakaa palepale kwenye ndoo.

Kaka yangu alitaka tumchape. Nilikataa, na hadi leo nashukuru nilikataa. Nilingoja Jumapili asubuhi, akiwa hajavuta, nikaweka fulana mezani. "Mwanangu, ulianza lini?" Akanyamaza, akanyamaza. Kisha: "Mama, tangu tumzike baba silali." Mwenzake kijiweni alimpa msokoto akamwambia huu unaleta usingizi.

Jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Dodoma, lilinitisha. Ukionekana unaingia geti lile, mtaani wanasema una kichaa. Tukaenda hivyohivyo. Mshauri alimuuliza habari za baba yake kuliko alivyomuuliza habari za bangi. Mimi akanieleza kuwa ubongo wa binadamu unaendelea kukomaa hadi miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa ni ile ya kujizuia. Akanionya pia kwamba akiacha, wiki mbili za mwanzo atakuwa na hasira, hatalala vizuri, chakula hatakitamani. Ikawa vilevile. Nisingeambiwa, kila alipofoka ningedhani kavuta tena, na tungegombana hadi arudi kijiweni. Hela mkononi niliacha kumpa. Nauli ya shule nilimlipa dereva wa bodaboda mwenyewe kila Ijumaa.

Mwezi wa kumi na mbili alivuta tena, mara moja, akaja kunieleza mwenyewe. Usingizi bado humkatika. Siku hizi ukimkatika anagonga mlango wangu, tunakaa jikoni, ananiuliza baba yake alikuwaje alipokuwa na umri kama wake.