Mwezi, Mabuyu na Maji ya Pipa

Jana jioni tulikaa Mama Ngina, ufukweni Mombasa, mimi, Ami na watoto watatu wa dada yangu, tukila mihogo ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu. Ilikuwa siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Mawe yaliyokuwa makavu saa tano asubuhi yalikuwa yamefunikwa yote. Ami, aliyetega malema ya samaki miaka mingi, akatazama akasema, "Bamvua hili," yaani maji makuu, yanayojaa sana na kupwa sana. Nami nikaongeza kwamba ni mwezi unaoyavuta maji.

Mkubwa wa watoto, msichana wa miaka kumi, akaacha kutafuna. "Mwezi uko upande mmoja tu. Mbona maji yajaa mara mbili kwa siku?"

Nilifurahi mno. Watu wazima wengi hawafiki kwenye swali hilo. Upande wa dunia ulioupa mwezi mgongo, ungedhani maji yangepungua, kumbe nako hujaa.

Nikawapanga watatu wao mstari mmoja, wakielekea mkokoteni wa muuza mabuyu. Mkokoteni ndio mwezi. Wa mbele ni maji yaliyo karibu na mwezi, wa kati ni dunia yenyewe, wa nyuma ni maji ya upande wa pili. Kilicho karibu huvutwa zaidi, kwa hiyo wa mbele aende hatua tatu, wa kati mbili, wa nyuma moja. Kitinda mimba, aliyekuwa nyuma, akawapita wenzake mbio hadi kwenye mabuyu. Ami alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Tukarudia. Safari hii pakawa na nafasi mbele ya dunia na nafasi nyuma yake. Msichana akazipima kwa nyayo. "Zalingana!" Maji ya nyuma hayasukumwi na chochote, dunia huvutwa kuliko yao, yakaachwa.

Isaac Newton aliieleza sababu hiyo mwaka 1687. Dunia ikijizungusha, pwani yetu huzipitia pande zote mbili zilizojaa maji, na kwa kuwa mwezi nao unasonga, maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Mabara yaliyokaa njiani huuvuruga mwendo, ndiyo maana kila bandari ina saa zake. Za Mombasa Ami anazo kichwani: mwezi ukiandama au ukipevuka, maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kupwa saa nne. Siku hizo jua, lenye karibu nusu ya nguvu ya mwezi katika kazi hii, huvuta mstari mmoja nao, na tofauti ya kujaa na kupwa hapa kwetu hukaribia mita 4. Anayeshusha gari la mizigo kwenye feri ya Likoni saa nne ya bamvua anaijua tofauti hiyo kwa mteremko. Mwezi ukiwa nusu, jua huvuta kwake na mwezi kwake, na tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Hayo ndiyo maji mafu.

Bamvua, maji mafu, kusi, kaskazi: vitabu nilivyosomea bahari havikuwa na neno hata moja kati ya haya. Inaniuma kwamba nilimaliza masomo kabla sijaketi na Ami kumuuliza.

Tulipokuwa tunaondoka msichana akauliza kama mwezi huyavuta na maji ya pipa letu. Nikamwambia ndiyo, lakini kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto baina ya upande na upande. Dunia ina upana wa kilomita 12,700 hivi. Pipa letu halifiki hata mita moja.

Hakuridhika. Alichora alama ya mkaa ndani ya pipa kabla ya kulala, na leo alfajiri akatuamsha kwa kelele: "Yamekupwa! Yamekupwa!" Mamake alikuwa ameamka mapema akachota ya kuoshea vyombo.