Punda wa babu na mbuzi wa baraza

Mwezi wa tisa mwaka 1997, kijijini kwetu wilayani Nzega, mkoa wa Tabora, babu alimshtaki jirani yake mbele ya sungusungu kwamba amempa punda wetu sumu. Punda mwenyewe alikuwa amekufa alfajiri ileile nyuma ya zizi. Usiku kucha aligaagaa, akiinuka, akilala tena, akigeuza shingo kutazama ubavu wake. Siku mbili alikuwa hajatoa kinyesi. Wiki moja kabla yake aliingia shamba la jirani akala mihogo, na jirani alisikika akisema mbele ya watu kwamba punda yule hatakiona kilimo.

Wazee walikaa chini ya mwembe. Babu akasimama akasema maneno ambayo nayakumbuka mpaka leo: "Wote wamekula mabua yaleyale. Maksai wazima. Mbuzi wazima. Kondoo wazima. Punda peke yake amekufa. Niambieni, ni mabua haya, au ni mtu?"

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi, mtoto wa darasa la sita, niliona hoja haina pa kupenya. Faini ya sungusungu ilikuwa ng'ombe, na jirani yule alikuwa na maksai wawili tu wa kulimia. Ukimtoa mmoja, umemtoa shambani.

Aliyebadilisha siku ile ni bwana mifugo, aliyekuwa anapita na baiskeli yake kwenda joshoni. Mkuu wa sungusungu akamsimamisha, akamwomba aseme kama ni sumu. Akajibu kwamba kwa macho ya nje hawezi kusema, ila wakimruhusu atampasua.

Hakukimbilia kisu. Alimzunguka punda taratibu, akamtazama puani, mdomoni na chini ya mkia, akimtafuta damu. Mnyama akifa ghafla na damu nyeusi isiyoganda ikatoka kwenye matundu ya mwili, huenda ni kimeta, na mzoga wa kimeta haupasuliwi kabisa: vijidudu vyake vikikutana na hewa hujifunika gamba na kukaa ardhini miaka mingi, vikingoja mnyama mwingine aje kula hapo. Hapakuwa na damu. Ndipo akamlaza ubavu wa kulia na kuanza.

Kabla ya hapo alikuwa ametuma ujumbe jikoni. Babu alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili ya wazee, na akina mama walishalitoa tumbo wakitaka kulisafisha. "Mama, shikamoo," alimwambia bibi, "naomba matumbo hayo msiyakate kwanza. Nileteeni mazima, yalivyo." Bibi alishangaa, lakini akaleta. Yakatandazwa juu ya gunia, hatua chache kutoka kwa punda.

Nimesoma mambo haya darasani baadaye na nimeyafundisha pia, ila sijaona somo lililonyooka kama lile.

Kueleza alianza na mbuzi. Tumbo lake lina vyumba vinne, akavipitia kwa kidole. Cha kwanza, kile kikubwa ambacho wauza supu wanakiita taulo, ndicho kinachojaza ubavu wote wa kushoto. Alikipasua. Ndani mlikuwa na mabua, maji mengi na povu, na harufu kali ya uchachu. Humo, alisema, hakuna tindikali inayosaga chakula. Kuna vijidudu visivyohesabika vinavyochachusha majani, maana ng'ombe, punda na hata mtu hawana uwezo wao wenyewe wa kuyeyusha ugumu wa bua. Kazi hiyo wanafanyiwa na vijidudu. Cha pili ni kidogo, kimegawanyika ndani kama sega la nyuki, na kwa kuwa Tabora ni nchi ya asali kila mtoto pale alicheka kukitambua. Cha tatu ni kitabu, chenye kurasa zinazokamua maji. Cha nne ndicho tumbo lenyewe, lenye tindikali, mfano wa letu.

Kisha akachota mabua kutoka chumba cha kwanza na mengine kutoka cha nne, akamwekea babu viganjani. Ya kwanza yalikuwa marefu, unayaona kabisa kuwa ni mabua. Ya pili yalikuwa uji.

"Mzee, mbuzi anakula mara mbili," alisema. "Anameza haraka, halafu akitulia kivulini anacheua. Kilicho kirefu hakiruhusiwi kupita kwenda kwenye kitabu. Kinarudishwa mdomoni mpaka kilainike. Na muda wote huo mate yanakilowesha. Ng'ombe mkubwa anatoa mate zaidi ya lita 100 kwa siku."

Babu alitazama viganja vyake bila kusema kitu.

Ndipo wakamgeukia punda, na hapo ndipo mambo yalipotaka kuharibika. Mzee mmoja, mwenye sifa ya kujua mambo ya waganga wanaopasua kuku na kutazama ndani, aliinama juu ya ini la punda, akaligeuza, akaligeuza tena. Akarudi nyuma. "Nyongo haipo," alisema. "Imetolewa." Watu wakaguna. Jirani, aliyekuwa amesimama peke yake karibu na uzio, alikaa chini. Nilimwona uso wake na sikuusahau, kwa sababu kufikia pale haikuwa tena kesi ya sumu, ilikuwa ya uchawi, na katika nchi yetu watu wameuawa kwa neno hilo.

Bwana mifugo hakumkejeli yule mzee. Aliita kila mtu asogee, akalichukua ini la mbuzi, akawaonyesha kifuko cha nyongo kinavyoning'inia. Akalirudia la punda. "Umetazama vizuri, mzee wangu. Punda hana kifuko cha nyongo. Hakuzaliwa nacho. Farasi naye hana. Ini linatengeneza nyongo na kuimimina utumboni moja kwa moja, kidogokidogo, kwa sababu punda ameumbwa kula kidogokidogo mchana na usiku. Mkimpasua punda wa mtu yeyote, wa hapa au wa Igunga, hamtakikuta." Kisha akawaonyesha mahali ambapo kifuko kingekuwa, pasipo kovu wala jeraha. Yule mzee alipapapasa kwa kidole, akakubali kwa sauti. Namheshimu kwa hilo: angeweza kunyamaza.

Tumbo la punda lilikuwa dogo, chumba kimoja, mtu asiyejua angedhani ni la ndama. Utumbo mwembamba ulifuata. Baada yake ndipo tulipoona ukubwa wa mnyama: mfuko mpana upande wa kulia, unaoitwa sikamu, halafu utumbo mpana mnene, uliojikunja na kurudi juu ya nafsi yake. Pipa la kuchachushia la mbuzi liko mbele ya tumbo. La punda liko nyuma, mwisho wa safari. Vijidudu ni vya namna ileile, kazi ni ileile, ila bua linafika kwao likiwa limetafunwa mara moja tu, na halina njia ya kurudi mdomoni. Punda hacheui. Hata kutapika hatapiki, mlango wa tumbo lake umekaza mno.

Kuna hasara nyingine ambayo hakuisema siku ile, na mimi huisema kila ninapopata watu wa kunisikiliza. Vijidudu vya mbuzi, wakimaliza kazi, hushuka tumboni na kumeng'enywa, wakawa chakula bora kwa mbuzi mwenyewe. Vya punda viko baada ya utumbo mwembamba, hivyo vingi vyao hutoka na kinyesi. Sungura, ambaye naye pipa lake liko nyuma, huvipata tena kwa kula kinyesi chake laini. Punda mkubwa hana ujanja huo, kwa hiyo hufidia kwa kula saa nyingi. Ukimfunga kamba kutwa nzima, unamnyima muda ambao mwili wake unautegemea.

Bwana mifugo alifuata utumbo mpana kwa mikono miwili, akisimama kila baada ya hatua. Karibu na nyonga, upande wa kushoto, unapiga kona kali na kuwa mwembamba ghafla. Hapo alisimama kabisa. Akamwita babu, akamshika mkono, akamwekea kiganja juu ya kona ile. Kulikuwa na kitu kigumu kama bonge la udongo. Alipokikata, tulikuta mabua makavu yaliyoshindiliwa, vipande virefu kama kucha. Upande chakula kilikotoka, utumbo ulikuwa umevimba na kubadilika rangi. Upande kilikokuwa kinaelekea ulikuwa karibu mtupu.

Akafungua mdomo wa punda. Gego moja halikuwepo, mengine yalikuwa yamechongoka pembeni.

"Lambo limekauka tangu lini?" aliuliza.

"Mwezi wa saba," bibi alijibu.

"Na huyu anabeba maji kutoka wapi?"

Bibi alitaja kisima, na wote tulijua umbali wake. Punda alikuwa analeta maji ya nyumba nzima na kunywa kilichobaki.

Mkuu wa sungusungu aliifuta kesi palepale. Babu alimwendea jirani penye uzio, akampa mkono, akamwita kwa jina la mtoto wake mkubwa kama alivyokuwa akimwita zamani. Walimzika punda pamoja, shimo refu ili mbwa wasimfukue, na jioni wakala mbuzi.

Mvua za El Niño zilipokwisha, babu alinunua punda mwingine. Mabua yake yalikatwakatwa na kulowekwa, na kila asubuhi alinyweshwa kwanza kabla ya kufungwa madumu. Bwana mifugo alimtazama meno kila alipopita. Jirani ndiye aliyekuwa mkali kuliko sisi sote: akiona mtoto anamfunga punda madumu kabla hajanywa, alimfuata mpaka uani na kumsemea kwa babu.