Vakyumu ilikuwa inanuka kuungua, fundi akasema mota

Vakyumu yangu, mashine ya kufyonza vumbi, ni ile ya kusimama, ya mtumba, chini ina brashi inayozunguka, na hapa sebuleni ndo nasukia wateja kwahiyo zulia haliishi rasta. Sasa juzi nimewasha kidogo tu harufu ya kuungua ikajaa nyumba nzima, nikazima hapohapo nikachomoa waya ukutani. Ukisikia hiyo harufu usiseme ngoja nimalizie hapa pembeni, zima.

Nikampigia fundi, hata hajaiona kashasema mota imekufa niandae hela ya mota nyingine. Roho ikakataa kabisa. Nikainusa kwa karibu, juu kwenye mota hamna kitu, harufu inatokea chini kwenye brashi na ni ya mpira ulioungua, sio ile kali ya waya za umeme.

Nikailaza kwenye gazeti nikafungua skrubu za mfuniko wa chini. Jamani! Brashi haionekani, ni rasta tupu zimejiviringisha, na pale mwisho kwenye beringi zimeyeyuka zimeganda donge jeusi gumu linang'aa, maana rasta ni plastiki, zikipata joto zinayeyuka. Hapo brashi imegoma ila mota inaendelea kuzunguka, kwahiyo belti, ule mpira unaotoka kwenye mota kuzungusha brashi, inateleza palepale mpaka inaungua, na kweli niliikuta imelegea upande mmoja umelika.

Nywele nikazikata na wembe, donge nikalibandua na bisibisi taratibu, mpaka brashi ikawa inazunguka kwa kidole. Belti nikaenda kutafuta Kariakoo nikiwa na ya zamani mkononi na picha ya namba ya modeli, saizi ziko nyingi mno usikadirie kwa macho. Na filta ya sponji nikaiosha, nikaianika ikauka kabisa ndo nikairudisha, kwa sababu mota inapozwa na hewa hiyohiyo inayovutwa, filta ikiziba nayo inachemka.

Sasa hivi inavuta vizuri na harufu hamna, na kila mteja akiondoka nafagia rasta kwanza ndo napitisha vakyumu.

Ila kama kwako harufu inatoka juu kwenye mota na unaona cheche nyingi ndani ya matundu, hiyo mpelekee fundi, na umuulize kwanza kuhusu kaboni, vile vipande vidogo vinavyopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka, zikiisha mara nyingi zinabadilishwa zenyewe bila kununua mota nzima.