Denge, Yasmin na Pweza
Vuta N'Kuvute, filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 iliyotokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi, imenipendeza kwa picha kuliko kwa masimulizi, kwani mapenzi ya Denge na Yasmin yanaharakishwa mno, na aliyesoma kitabu hatoridhika.

My Octopus Teacher, filamu ya hali halisi ya mwaka 2020 kuhusu mpiga mbizi na pweza, ndiyo iliyonishika hasa. Craig Foster, mpiga mbizi huyo, anazamia bila ya mtungi wa hewa katika maji baridi ya Afrika Kusini, na pale pweza anapojifunika makombe mwili mzima kumkwepa papa, nilisahau chai yangu. Mama, ambaye huchokoa pweza mwambani kila bamvua hapa Pemba, aliuliza mbona hawamchukui.

Filamu za mapigano alizoniazima jirani hazikunikalisha hadi mwisho.